Moyo Ukienda Mbio

Hadithi, hadithi! Leo nikisema hivyo mwitikie "hadithi njoo" tu. Ile "uwongo njoo" tuiweke kando, kwa sababu ninayotaka kuwasimulia ni ya kweli tupu, na mengine mtayahakiki wenyewe kabla sijamaliza, kwa vidole viwili na saa ya ukutani.

Siku hizi kila vijana wa mtaani wanapotoka mpirani hakosi mmoja mwenye saa ile ya kisasa inayowaka kioo na kuhesabu mapigo ya moyo. Anarudi anatweta, anaitazama, macho yanamtoka. "Bibi, imesema 194! Moyo utapasuka?" Wenzake wanamcheka, lakini nao wanasogea kuchungulia. Jibu fupi, wajukuu zangu, ni kwamba hautapasuka. Jibu refu lina Mwingereza aliyeagiza saa ya ajabu, Wamarekani wawili na mstari wao, kijana aliyezaliwa Kinshasa, na mchakamchaka wa asubuhi.

Tuanze na vidole. Geuza kiganja kitazame juu. Kidole cha shahada na cha kati vya mkono wa pili viweke kwenye kifundo, upande wa kidole gumba, ubonyeze kidogo tu. Ukikandamiza sana unauziba mshipa na hutasikia kitu. Gumba usilitumie kupimia, kwa sababu nalo lina mshipa wake unaopiga, na utajikuta unahesabu mapigo ya mpimaji badala ya mpimwaji. Asiyeupata mkononi aupapase shingoni, pembeni ya koromeo, upande mmoja tu na kwa upole. Hesabu nusu dakika, zidisha kwa mbili.

Umepata ngapi? Kama umekaa na umetulia, na una miaka kumi au zaidi, inatarajiwa uwe kati ya 60 na 100, sawa na mtu mzima. Wadogo zenu wa miaka saba au minane wanaweza kufika 110 wakiwa wamekaa tu. Kichanga aliyelala fofofo moyo wake unakwenda 130 au 140, na mama yake hana wasiwasi wowote. Kwa hiyo anayesema "mapigo ya kawaida ni sabini na mbili" na kunyamaza hapo, muulizeni: ya nani? Anafanya nini? Ana umri gani?

Hiyo hesabu ya mapigo kwa dakika ni mpya kuliko mnavyodhani. Matabibu wa kale walishika vifundo vya wagonjwa tangu enzi na enzi. Ibn Sina, tabibu mkubwa aliyekufa mwaka 1037, aliandika kwa kirefu kuhusu mapigo: yana nguvu au ni dhaifu, marefu au mafupi, yanafuatana sawasawa au yanarukaruka. Lakini kusema "ni 88" hakuweza, kwani saa ya kumwonyesha dakika haikuwapo. Ilibidi kusubiri mpaka atokee daktari wa mji wa Lichfield, Uingereza, aitwaye John Floyer. Huyu alichoka kukisia. Akaagiza atengenezewe saa inayokwenda dakika moja kamili kisha inasimama, kwa kazi hiyo peke yake. Mwaka 1707 akachapisha kitabu kuhusu saa yake na mapigo aliyoyahesabu. Wale wanaopima kwa vidole na mshale wa sekunde wanafuata nyayo za Floyer, wawe wanamjua au hawamjui.

Sasa twende ndani ya kifua. Moyo wako una ukubwa wa ngumi yako, hiyohiyo uliyoikunja sasa hivi. Mtu mzima aliyepumzika moyo wake unasukuma damu kama lita tano kila dakika. Akikimbia kwa nguvu zinafika lita ishirini na zaidi, maana misuli ya miguu inadai oksijeni na sukari, na inataka taka zake ziondolewe upesi. Moyo una njia mbili za kuongeza kazi: kudunda mara nyingi zaidi, au kutoa damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Nao hausubiri miguu ianze. Kipenga hakijalia, wewe umeinama tu kwenye mstari wa kuanzia mbio za mita mia, ubongo umekwisha kutuma habari na moyo umeshapanda.

Unaweza kujiuliza, kwani usipande tu, mpaka 300, mpaka 400, ili nikimbie kama duma? Fikirini mtu anayeteka maji kisimani. Akishusha ndoo, akaiacha ilale na kujaa, kila akivuta anapata ndoo nzima. Akiharakishwa anaongeza mivuto na maji yanaongezeka. Lakini akizidi kuharakishwa, ndoo haipati muda wa kujaa. Inapanda na maji nusu, halafu robo, na jasho lote lile linampotea. Moyo nao una wakati wa kukaza na wakati wa kulegea. Unapolegea ndipo damu inapoingia. Kwa mapigo 75 kwa dakika, pigo moja lina sekunde 0.8 tangu lianze mpaka linalofuata, na sehemu kubwa ya muda huo ni ya kulegea na kujaa. Kwa mapigo 200 pigo zima lina sekunde 0.3, na kinacholiwa zaidi ni muda wa kulegea. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Msuli wa moyo wenyewe hulishwa na mishipa yake midogo, na damu hupita vizuri kwenye mishipa hiyo wakati huohuo wa kulegea. Moyo ukikosa kulegea unajinyima chakula.

Ndiyo maana umewekewa ukomo. Kuna kituo kidogo sehemu ya juu ya moyo kinachotoa umeme wa kila pigo, na kituo hicho kina kasi ambayo hakiivuki kwa mazoezi ya kawaida, hata ukimbizwe na mbwa. Katika mtu mwenye moyo mzima, miguu na pumzi husalimu amri kwanza. Anakaa chini mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha.

Ukomo huo ni ngapi? Hapa ndipo wanapoingia Wamarekani wawili. Fungua karibu kitabu chochote cha mazoezi utakuta kanuni hii: chukua 220, toa umri wako. Mwenye miaka 20 anapata 200, mwenye miaka 40 anapata 180, mwenye miaka 60 anapata 160. Ni rahisi, unaifanya kichwani ukiwa kwenye daladala. Kanuni hiyo ilitoka kwa watafiti Samuel Fox na William Haskell, mnamo mwaka 1970. Walikuwa wanatafuta namna ya kuwaambia wagonjwa wa moyo wafanye mazoezi kwa kiasi gani. Wakakusanya takwimu za tafiti ambazo wengine walikwisha kuzichapisha, wakaziweka kwenye karatasi moja, wakaona nukta zinashuka kadiri umri unavyopanda. Mstari uliopita katikati ya nukta zile ulikaribiana na 220 kutoa umri. Waliopimwa, wengi wao walikuwa na umri chini ya miaka 55, na wamo waliokuwa wakivuta sigara na waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo. Haskell mwenyewe alikuja kueleza baadaye kwamba watu wale hawakuchaguliwa ili wawakilishe binadamu wote.

Lakini nambari rahisi ina miguu. Ikaingia kwenye vitabu, ikabandikwa kwenye kuta za kumbi za mazoezi, mwisho ikaingia ndani ya saa. Mpaka leo saa nyingi zinakuuliza mwaka wako wa kuzaliwa, zinatoa umri kwenye 220, kisha zinakupigia kengele kama vile zimekutazama moyoni.

Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado wakiongozwa na Hirofumi Tanaka walipitia upya takwimu za maelfu ya watu, wakapendekeza kanuni nyingine: 208 kutoa umri uliozidishwa kwa 0.7. Chukueni kalamu. Kwa mtu wa miaka 40 kanuni zote mbili zinatoa 180. Kwa babu wa miaka 60, ya zamani inampa 160 na mpya inampa 166. Kwa mtoto wa miaka 12, ya zamani inasema 208, mpya inasema karibu 200. Mpya ni bora, ila nayo ni wastani tu. Watu wawili wenye umri mmoja, waliozaliwa mtaa mmoja, wanaweza kutofautiana mapigo ishirini kwenye ukomo wao, na wote wawili wakawa wazima kabisa. Hakuna mwenye moyo bora wala mbovu hapo. Ni kama urefu wa pua.

Na ninyi watoto mna la kwenu. Waliopima watoto kwenye mashine za kukimbilia waligundua kwamba ukomo wao haushuki kila mwaka kama kanuni inavyodai. Kuanzia miaka minane hivi hadi kumi na sita unabaki karibu palepale, kwenye 200, wengine wakifika 190 tu na wengine wakipita 210. Kwa hiyo yule mwenye 194 baada ya kukimbizana na winga dakika nzima hakuvunja sheria yoyote ya mwili. Mchezo wa kukimbizana wenyewe ndivyo ulivyo: mnachomoka kama risasi, mnasimama, mnacheka, mnachomoka tena. Moyo wa mtoto unapanda na kushuka mara nyingi ndani ya robo saa. Wazee tungejaribu hivyo tungelala siku mbili.

Saa basi tuitupe? Aa, ni msaidizi mzuri, lakini kabla haijatengenezwa mlikuwa tayari na chombo cha kupimia, na kilikuwa cha bure. Waliosoma shule za Tanzania wanaujua mchakamchaka. Alfajiri, ukungu haujainuka, mistari miwili, mmoja mwenye koo anaanzisha wimbo, shule nzima inaitikia, miguu inapiga ardhi pamoja. Mlidhani wimbo ni wa kuchangamsha tu. Ni wa kuchangamsha, lakini pia ni kipimo cha moyo, na wataalamu wa mazoezi duniani wanatumia kitu hichohicho na kukiita jaribio la kuongea.

Linafanya kazi hivi. Ukikimbia na bado unaweza kuimba wimbo mzima, mbio zako ni nyepesi, moyo una nafasi tele. Ukiweza kuongea sentensi nzima lakini wimbo unakushinda, uko katikati, na hapo ndipo moyo unapojengeka vizuri bila kuchoshwa. Ukifika mahali neno moja linatoka, unavuta pumzi, neno la pili linatoka, unavuta tena, uko juu. Ni sawa kwa muda mfupi, lakini huwezi kukaa huko nusu saa. Asiyeweza kutoa hata neno yuko karibu na ukomo wake, na mwili utamsimamisha hivi punde.

Mwalimu mwenye sikio halazimiki kushika mkono wa mtu. Kiongozi wa wimbo anapoongeza kasi, sauti hukatika kuanzia nyuma ya mstari. Wa mbele bado wanaitikia, wa katikati wanaitikia nusu, wa nyuma wanatazama chini na kuvuta hewa. Hapo ndipo pa kupunguza mwendo. Na niseme jambo ambalo baadhi ya walimu hawatalipenda: kumchapa fimbo anayebaki nyuma ni ujinga. Mtoto anayebaki nyuma kila siku, hata kwenye mwendo ambao wenzake wanaimba, anahitaji kupimwa, si kuchapwa. Huenda ana pumu. Huenda damu yake ni pungufu kwa malaria au minyoo, na moyo unalazimika kudunda zaidi ili damu ile chache izunguke mara nyingi. Huenda ana vali mbovu ya moyo ambayo hakuna aliyewahi kuisikiliza.

Mswidi mmoja, Gunnar Borg, aliyekuwa mwanasaikolojia, alilifanya jambo hili kuwa la kisayansi kwa namna ya kuchekesha kidogo. Alitengeneza kipimo cha kumuuliza mtu: unajisikiaje, umechoka kiasi gani? Badala ya kuanzia moja hadi kumi, kipimo kinaanzia 6 na kuishia 20. Kwa nini sita? Kwa sababu ukizidisha kwa kumi unapata 60 hadi 200, mapigo ya kijana tangu amepumzika hadi amefika mwisho. Akisema "nipo kumi na tatu," Borg anakisia moyo unakwenda kama 130. Kilitengenezwa kwa watu wazima, na mioyo ya watoto hupenda kukimbia juu zaidi ya hapo, lakini wazo ni lilelile la mchakamchaka: mwenye mwili ana habari ambazo mashine haina.

Wanaopenda hesabu nao nisiwanyime. Wataalamu husema mazoezi ya kadiri ni asilimia 50 hadi 70 ya ukomo wako, na mazoezi makali ni asilimia 70 hadi 85. Tuseme ukomo wako ni 200. Kadiri ni mapigo 100 hadi 140: kutembea haraka kwenda shule, kuendesha baiskeli barabara tambarare, kuteka maji. Makali ni 140 hadi 170: mpira wenyewe, kuruka kamba kwa bidii, kupanda mlima na mzigo. Shirika la Afya Duniani linataka wenye umri wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kila siku za mchanganyiko wa hayo. Wengi mnazipata bila kujua, isipokuwa wale ambao simu imewafunga kamba miguuni.

Halafu kuna siri ya Iten. Mji huo uko Kenya, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, mita kama 2,400 juu ya usawa wa bahari, na mabingwa wa dunia wanapishana njiani kama wanafunzi wanavyopishana kwenu. Mgeni anayekwenda kufanya mazoezi nao hutarajia kuachwa tangu hatua ya kwanza. Anashangaa. Siku ya mbio nyepesi, watu wanaoweza kumaliza marathoni kwa saa mbili na dakika chache wanaanza polepole mno, wanapiga soga, karibu waonekane wanatembea. Siku ya kazi ngumu wanaichana barabara. Siku ya kazi nyepesi wanauacha moyo upumzike ukiwa unakwenda. Kijana wa kwetu anafanya kinyume. Kila siku anakimbia kama anafukuzwa, baada ya wiki mbili goti linauma na anaacha.

Moyo unaofanyishwa kazi kwa utaratibu huo, miaka na miaka, unabadilika. Chumba chake kinapanuka na msuli wake unaimarika, kila pigo linatoa damu nyingi, kwa hiyo mapigo machache yanatosha. Mkimbiaji wa aina hiyo akikaa anaweza kuwa na mapigo 45, na muuguzi asiyemjua akashtuka. Kumbukeni hilo mnapolinganisha saa zenu: mwenye nambari ndogo akiwa amekaa si mgonjwa, mradi hana kizunguzungu na haanguki.

Kuna nambari moja ambayo mimi naipenda kuliko hiyo ya juu kabisa, na haitangazwi sana. Ni ya kushuka. Ukisimama tu baada ya mbio, hesabu mapigo mara moja, sekunde kumi na tano, zidisha kwa nne, usichelewe, yanakimbia. Subiri dakika moja, hesabu tena. Moyo wenye afya hushuka upesi. Kwa watu wazima, madaktari huanza kuuliza maswali kama mapigo hayajashuka hata 12 katika dakika ile ya kwanza. Ninyi mtaona yanashuka 30, 40, au zaidi. Andikeni kwenye daftari, rudieni baada ya miezi miwili ya mazoezi, mtaona wenyewe.

Msishangae siku moja mbio zilezile, uwanja uleule, zikakupa mapigo kumi au ishirini zaidi. Joto la Tanga au Mombasa saa nane mchana si mchezo: moyo unalisha misuli na wakati huohuo unapeleka damu kwenye ngozi ili mwili upoe, na jasho likikutoka bila kunywa maji damu yenyewe inapungua. Mwezi wa Ramadhani, vijana wa pwani wanaocheza mpira kusubiri futari wanalijua hilo miguuni. Afadhali mchezo uwe mwepesi na uwe karibu kabisa na magharibi, maji yawe hatua mbili. Mlimani nako kuna yake. Waongozaji wa Kilimanjaro husema "pole pole" mpaka wageni wanaikariri, na si adabu tu. Kwenye kilele, mita 5,895, kila pumzi ina karibu nusu ya oksijeni ya ufukweni, na moyo unafidia kwa kudunda haraka hata ukiwa umelala hemani. Waongozaji wengi hubeba kifaa kidogo cha kubana kidoleni ili waone mapigo na oksijeni ya kila mtu jioni.

Vile vinywaji vya kopo vya "kuongeza nguvu" navyo vinaongeza mapigo, kwa kafeini. Moyo unaopanda kwa kopo haujapata mazoezi, umesumbuliwa tu. Watoto hawavihitaji hata kidogo.

Na homa. Kila nyuzijoto moja ya homa inaongeza mapigo kama kumi. Virusi vingine huingia kwenye msuli wa moyo wenyewe na kuuvimbisha, na kukimbia wakati huo kunaweza kuua. Mwenye homa halazimishi mechi, hata iwe fainali ya kata.

Sasa nifike penye giza kidogo. Tarehe 26 Juni 2003, mjini Lyon, Ufaransa, Kameruni ilikuwa inacheza na Kolombia. Marc-Vivien Foé, kiungo wa Kameruni mwenye miaka 28, alianguka katikati ya uwanja bila kuguswa na mtu, na hakuamka. Uchunguzi ulionyesha msuli wa moyo wake ulikuwa mnene kupita kiasi, hali ambayo mtu huzaliwa nayo bila kujua. Miaka tisa baadaye, tarehe 17 Machi 2012, jijini London, Fabrice Muamba, aliyezaliwa Kinshasa na kuhamia Uingereza akiwa mtoto, alianguka vivyo hivyo akiichezea klabu ya Bolton. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kudunda wenyewe. Lakini matabibu waliingia mara moja, wakamkandamiza kifua bila kukoma, wakatumia mashine ya kushtua moyo kwa umeme, na daktari wa moyo aliyekuwa ameketi jukwaani kama shabiki alishuka mbio kuwasaidia. Muamba yu hai. Mpira aliuacha mwaka huohuo.

Tazameni vizuri: si Foé wala Muamba aliyeangushwa na nambari kubwa kwenye saa. Wachezaji wenzao walikuwa wakikimbia vilevile. Tofauti ilikuwa ni hitilafu iliyojificha, na mbio zikaiamsha. Kwa hiyo ukiniuliza ni mapigo mangapi ya hatari, nitakujibu kwa dalili. Kuzimia katikati ya mazoezi, na si baada ya kusimama juani paredi nzima. Maumivu au kubanwa kifua unapokimbia, yanayokwisha ukipumzika. Moyo unaochomoka ghafla kwenda mbio ukiwa umekaa tu, kisha unazima ghafla kama taa. Pumzi inayokuishia mapema kuliko wenzako wote. Ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa bado kijana. Aliyeugua koo mara kwa mara bila dawa kisha viungo vikamuuma na kuvimba, naye yumo, kwa sababu ugonjwa huo huweza kuharibu vali za moyo. Kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, wanatibiwa wengi wenye vali mbovu. Wenye selimundu nao wasikimbizwe kwenye jua kali bila maji na bila mapumziko.

Mwenzenu akianguka uwanjani, hajibu akiitwa na hapumui sawasawa, msimmwagie maji, wala msimtie kijiko mdomoni. Mmoja akimbie kuita mtu mzima na gari. Mmoja amlaze chali, aweke viganja viwili katikati ya kifua, mikono imenyooka, akandamize kwa nguvu, kifua kishuke sentimita tano hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kusimama mpaka msaada ufike, akichoka apokewe. Kama kuna mashine ya umeme karibu iletwe, inazungumza yenyewe na kutoa maelekezo.

Na yule aliyezimia akazinduka mwenyewe, akajifuta vumbi, akasema "niko fiti, nirudisheni," harudi. Siku hiyo anakaa benchi, na wiki hiyo anapelekwa hospitali akapimwe umeme wa moyo. Wanabandika nyaya kifuani, kipimo chenyewe hakiumi, hakimalizi hata robo saa. Mzazi akisema ilikuwa njaa tu, mpeni mtoto uji kwanza, halafu mpelekeni vilevile.